Meno mazima, tairi limekufa: bili ya matairi ya gari-nyumba inatoka wapi

Msimu wa safari ukikaribia, simu za karakana yetu huanza na swali lilelile: "Fundi, matairi sita ya gari-nyumba ni kiasi gani?" Gari-nyumba ni lile gari kubwa la safari lenye vitanda na jiko ndani. Tukitaja hesabu, upande wa pili unanyamaza kidogo. Kisha linafuata la pili: "Lakini mbona yangu bado yana meno?"

Yana meno kweli. Hivi karibuni mzee mmoja alituletea gari refu la tani 15, amelinunua mtumba na analipenda. Akachuchumaa mwenyewe, akaingiza kidole kwenye mfereji wa tairi la mbele, kucha ikazama yote. "Unaona? Hata nusu halijaisha." Fundi wetu hakubishana naye. Alichukua brashi na tochi, akasugua ubavu wa tairi karibu na rimu hadi yakatokea maandishi yanayoanza na DOT, akamwomba mzee asome tarakimu 4 za mwisho. 3412. Maana yake tairi lilitoka kiwandani juma la 34 la mwaka 2012. Halafu akaliminya ubavu kwa kidole gumba, na nyufa nyembamba zikafunguka kama udongo wa bwawa lililokauka. Mzee alisimama, akajifuta magoti, akauliza na yale ya nyuma yanasemaje. Kwa hayo ilibidi fundi alale chini ya gari, maana tarakimu hizo mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu, na aliyeyafunga alikuwa amezielekeza ndani.

Lori la mizigo humaliza meno kabla ya umri. Gari-nyumba humaliza umri kabla ya meno, kwa sababu muda mwingi linasimama. Ndani ya mpira kiwandani huchanganywa nta na dawa za kuzuia hewa ya ozoni isiule, na dawa hizo hupanda juu ya ngozi ya tairi pale tairi linapozunguka na kujikunja. Gari likikaa miezi minane juani, hazipandi, na mpira unakauka huku umebeba tani zake mahali palepale. Zile dawa za kung'arisha zenye mafuta ya petroli nazo huondoa kinga hiyo badala ya kuiongeza. Tairi linameta na huku linazeeka. Michelin, watengenezaji wa matairi, wao hutaka tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya kazi, na likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama linaonekana zima. Sisi kwa matairi ya mbele hatupendi kuvuka miaka 7. Huo ni msimamo wetu, na tumewahi kukosa wateja kwa ajili yake.

Sasa bili yenyewe. Gari-nyumba kubwa halivai saizi ya pikapu. Linavaa tairi la basi na lori, rimu ya inchi 22.5, kwa mfano 295/80R22.5. Soma pembeni yake: ukikuta namba ya mzigo 152/148, tairi hilo linabeba kilo 3,550 likiwa peke yake na kilo 3,150 likifungwa mapacha, yaani mawili bega kwa bega upande mmoja wa ekseli ya nyuma, kwa upepo kamili. Lenyewe lina uzito wa kilo 50 na zaidi. Pamoja na rimu ya chuma linakaribia 100. Yako sita, na gari lenye ekseli ya ziada nyuma lina manane. Hapo ndipo sehemu kubwa ya bili ilipo, na hakuna fundi anayeweza kuipunguza kwa maneno matamu.

Kinachobaki ni kazi: kunyanyua gari kwa jeki za karakana (zile jeki za kusawazishia gari kambini hazikutengenezwa kwa kazi hii), kufungua mapacha, vali mpya na mirija ya kufikia tairi la ndani, kubalansi, kukaza nati kwa spana ya kipimo, na kutupa matairi ya zamani mahali panaporuhusiwa. Gari likivuta upande mmoja tutakushauri ufanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa. Usipoifanya, matairi mapya yataliwa bega moja na pesa yako itakuwa imeliwa pamoja nayo.

Wengine hutuomba tubadilishe moja tu, lile lililopasuka. Kwenye mapacha hilo ni tatizo. Vipenyo vikitofautiana zaidi ya milimita 6 hivi, lile kubwa linabeba mzigo wa mwenzake, linapata moto, na punde unarudi kwetu kwa yote mawili. Kama mfuko haujakaa sawa, anza na mawili ya mbele, ya nyuma yafuate baadaye yote manne pamoja. Tairi la mbele likipasuka, usukani ndio unaopigwa. La nyuma likipasuka mwenzake hushikilia gari kwa muda, ila vipande vyake hupiga sakafu, mabomba ya maji na nyaya zilizopita juu ya gurudumu. Tumewahi kuona bili ya seremala na fundi umeme ikiipita ya matairi.

Ritredi, yaani tairi lililobandikwa meno upya, mbele hatufungi, hata ukituletea la kwako. Tairi la bei rahisi tunaweza kufunga, tukishaangalia herufi ya mwendo. Yapo matairi ya mabasi ya mjini yenye saizi ileile na herufi J, ambayo mwisho wake ni kilomita 100 kwa saa. Mtu wa barabara kuu anahitaji angalau L, yaani 120.

Upepo ndio unaoua matairi mengi kabla ya wakati. Pima asubuhi kabla hujaondoka, gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi. Ukipima njiani utaona umepanda, usiutoe. Kiasi sahihi hutokana na uzito wa kila ekseli gari likiwa na maji, mafuta, watu na vyombo, kwa hiyo lipitishe kwenye mizani mara moja likiwa limejaa, kisha tulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Tairi lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya unaotakiwa, usiongeze upepo. Nyaya za chuma za ubavuni huenda zimechoka kwa kukunjwa, na ukilijaza linaweza kuchanika kama zipu na kumuua aliyeshika mpira wa kompresa. Sisi hulivua, tukalikagua ndani, ndipo tukalijaza likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Muda huo nao umo kwenye bili.

Ukitupigia, uwe na saizi, ile namba ya mzigo na herufi ya mwendo, tarakimu 4 za kila tairi, na uzito wa kila ekseli kama unao. Picha safi ya ubavu inatosha. Tukishafunga, tembea kilomita 80 hadi 150 kisha urudi tukaze nati tena, hiyo hatutozi.