Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Assalaam aleykum, Bwana asifiwe.

Daktari, tumefurahi kuletewa bingwa wa mifupa, maana meza yetu inahusu kazi yako mwenyewe. Bodaboda na minazi ya wagema vinakuletea wagonjwa kila leo, hilo hatukufundishi.

Mgonjwa akiwekewa chuma mwilini, hofu huwa mbili: mfupa kutokishika, au bakteria kujificha juu yake pasipofikiwa vizuri na dawa ya kumeza wala sindano. Watafiti wakauliza, kwa nini chuma chenyewe kisibebe dawa?

Njia iliyozoeleka ya kukivika chuma ganda la madini ya mfupa, ili mfupa ukishike, ni kuyapuliza katika joto la maelfu ya nyuzi. Ganda linashika, ila dawa yoyote ya protini ingeteketea humo. Njia tunayoionesha leo inauiga mwili. Mwaka 1990 Profesa Tadashi Kokubo na wenzake wa Japani walieleza maji yenye chumvi zinazokaribiana na za damu: kalsiamu, fosfeti, magnesiamu, sodiamu na nyinginezo, pH (kipimo cha uchachu) 7.4, nyuzi karibu 37. Titani, metali ya kutengenezea vyuma hivyo, iliyoandaliwa kwa sodiamu haidroksaidi ikilowekwa humo, kalsiamu fosfeti hujijenga juu yake taratibu, kama ukoko ndani ya birika la maji ya kisima. Kwa kuwa hakuna moto, dawa hutiwa katika maji hayohayo ikanaswa ndani ya ganda.

Hapo ndipo tulipobishana sana: dawa ipi inafaa kunaswa? Dawa iliyopakwa juu tu hutoka mapema karibu yote. Iliyonaswa ndani hutoka kadiri ganda linavyoyeyuka na seli zinazokula mfupa zinavyolimega. Kwa BMP-2, protini inayoamsha ujenzi wa mfupa, tofauti hiyo ni kubwa, kwani ikimwagika nyingi kwa mkupuo huleta uvimbe, na mfupa huweza kuota pasipotakiwa. Antibayotiki kama jentamisini ni kaidi: molekuli zake ni ndogo, ganda halizishiki sana, zinatoroka. Baadhi yetu tunaiona protini ndiyo yenye matumaini. Wenzetu wanasema adui wa kwanza hapa kwetu ni usaha. Tunaomba utuamulie. Tusikudanganye lakini: ganda lenye protini bado liko zaidi maabara na kwa wanyama wa majaribio.

Mezani utaona michoro na mifano ya udongo, si ganda lenyewe. Maji hayo yanatakiwa yakae nyuzi 37 siku kadhaa, pengine wiki. Sisi tuna taa ya spiriti na kipimajoto. Usiku nani akeshe? Kuyachanganya nako kuna adabu yake: ukikosea mpangilio wa chumvi au pH ikipanda, yanachafuka meupe hata kabla titani haijaingia.

Kwa hiyo tunaomba chombo cha maji kinachojirekebisha joto, na betri ya akiba kwa ajili ya umeme unaokatika. Kipima pH cha kidijitali. Na vipande vya titani, hata vidogo. Tungeshukuru pia wenzetu wa kidato cha tano na cha sita wakaribishwe waoneshwe picha za eksirei za mifupa iliyounga na iliyokataa kuunga. Majina ya wagonjwa hatuyahitaji.

Meza yetu ni ya tatu kushoto, ukishaipita ile ya mashine ya kubangulia korosho.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi