Barua kwa Baba na Mama kabla hamjapanda ndege

Woolwich, London
Jumapili jioni

Kwa Baba na Mama, Luanda, Vihiga, Kenya,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima, kazi ni ile ile, baridi imeondoka. Ujumbe wa kaka kuhusu shilingi elfu arobaini za savea wa kupima mpaka wetu na Baba Mdogo nimeupata, mara nne. Nitaujibu chini kabisa, maana nikianza nao barua yote itakuwa ya Baba Mdogo na mkonge wake wa mpakani.

Viza zimetoka, na tikiti za Julai nimekwisha kulipa zote mbili, pamoja na ndege ya Kisumu hadi Nairobi, ili Mama asikeshe kwenye basi. Hilo mlitaje kanisani mkiulizwa. Sasa Baba anauliza tena hapa ninapokaa kuna nini cha kuona, kwa sauti ile ya mtu anayeamini kwamba Woolwich kwa London ni kama Majengo kwa Kisumu. Kaka awasomee polepole, asiruke.

Mkitoka uwanja wa Heathrow tutapanda Elizabeth line, treni yenye alama ya zambarau, iliyofunguliwa 2022. Inafika Woolwich bila kubadilisha. Lifti zipo, mizigo haibebwi kichwani.

Siku mbili mtapumzika. Ya tatu tunakwenda Greenwich, mtaa wa jirani, na hapa ndipo nataka Baba atege sikio. Sisi tumezaliwa karibu na mstari wa Maseno. Kila mtoto wa Luanda amewahi kuruka pale kwenye mnara wa ikweta, mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini. Greenwich ndiko uliko mstari wa pili, ule unaoshuka kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, ambapo mashariki na magharibi huanza kuhesabiwa kutoka sufuri, kama kaskazini na kusini zinavyoanzia ikweta. Sufuri ya Maseno Baba anayo tayari. Atakayeongeza sufuri ya Greenwich, kule nyumbani atakaa na nani meza moja?

Kwanza nauli. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo Baba asimnyooshee dereva noti. Nimewanunulia kadi za Oyster, mbili, na nimeziwekea pesa. Kadi moja haibebi watu wawili safari moja, hata kama ni mume na mke wa miaka arobaini. Kwenye basi unagusisha kadi mara moja tu, unapopanda; ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Kwenye treni unagusisha mara mbili, kuingia na kutoka. Wageni wanakwama kwenye treni ndogo ya DLR, kwa sababu vituo vyake vingi havina geti. Unajitokea tu unaongea, hukugusisha, na mashine haijui uliishia wapi, hivyo inakukata nauli ya juu kabisa. Makanga wa kukukumbusha hayupo.

Pili, goti la Mama. Karibu kila mgeni hushukia chini Greenwich mjini, kwenye meli ya maonyesho, Cutty Sark, halafu anapanda mlima wa bustani jua la mchana likiwa kichwani. Anafika juu hana pumzi wala hamu. Sisi tutapanda basi la 53, linalopita juu, Blackheath. Tutaingia bustani ya Greenwich kwa geti la juu, na kutoka hapo ni tambarare hadi Royal Observatory, jengo la wanajimu walikopimia nyota, njia pana yenye miti pande zote mbili. Mlima tutaushuka baadaye, kwa njia ya kuzunguka, si ile ya kunyooka mbele ya sanamu, ambayo kwa goti ni mbaya kuliko kupanda. Chini tutarudi na 177, mlango hadi mlango. Na kabla ya kuondoka nyumbani nitaangalia mtandaoni kama wamefungua, kwa kuwa majengo yale ni ya zamani na hukarabatiwa kwa zamu. Jengo lenyewe lilianzishwa 1675.

Getini, kabla hujalipa chochote, kuna saa ukutani ya tangu 1852. Uso wake umegawanywa saa ishirini na nne badala ya kumi na mbili, kwa hiyo adhuhuri mkono wake unaelekea chini kabisa, na mgeni anadhani ni saa kumi na mbili jioni. Halafu haifuati saa za kiangazi. Mwezi wa Julai Uingereza nzima imesogeza saa mbele, yenyewe imebaki. Baba asibadilishe saa yake ya mkononi. Iache na saa za Luanda: itakuwa mbele ya ile ya getini kwa saa tatu kamili, na mbele ya simu yangu kwa saa mbili. Kaka naye akishalielewa hilo aache kunipigia saa mbili asubuhi ya huko. Kwangu ni saa kumi na mbili, na ikifika baridi ni saa kumi na moja, giza totoro.

Kando ya saa hiyo kuna vipimo vya urefu vya chuma vilivyopachikwa ukutani: yadi, futi mbili, futi moja, inchi sita, inchi tatu. Viliwekwa hadharani ili fundi alete rula yake alinganishe. Baba, beba ile futi yako ya kukunja ya kiwandani. Sitanii.

Tiketi ni ya kuingia uani na kwenye nyumba za ndani. Mstari hata hivyo hauishii uani. Unateremka ukutani hadi kwenye njia ya chini ya ukuta, na huko hapana tiketi wala foleni. Picha ya miguu tutapigia huko. Lakini ndani tutaingia pia, nimetenga, kwa sababu ya saa za Harrison. Huyu alikuwa seremala, Baba, seremala kama wewe, na kazi iliyowashinda wanajimu aliikamilisha yeye: kutengeneza saa isiyopoteza majira baharini, ili nahodha ajue yuko wapi, mashariki au magharibi. Bunge lilikuwa limeahidi hadi pauni 20,000 tangu 1714. Saa yake ya kwanza, H1, ya 1735, ina magurudumu ya mbao na bado inatembea. Ya nne, H4, ndogo kama saa ya mfukoni iliyonenepa, ndiyo iliyoshinda, na hiyo wameisimamisha kwa makusudi, kwa maana inahitaji mafuta na ikitembezwa itachakaa. Tukichelewa hapo Mama atakaa, viti vipo.

Tuwe nje kabla ya saa saba mchana, kwa saa ya simu yangu. Juu ya paa kuna mpira mwekundu kwenye mlingoti. Saa saba kasoro dakika tano unapanda nusu, kasoro dakika mbili unafika juu, na saa saba kamili unaanguka. Umefanya hivyo tangu 1833 ili meli mtoni zirekebishe saa zao. Ukiinama kutafuta simu umeukosa, na hurudiwi hadi kesho.

Sasa mstari wenyewe. Hapo uani hauko mmoja, na hili Baba Mdogo angelipenda sana. Wanajimu wakuu kadhaa walipokuja na darubini mpya waliweka mistari yao. Uko wa Halley, uko wa Bradley, halafu uko wa Airy, ulioanza kutumika 1851, karibu mita sita mashariki ya ule wa Bradley. Wapima ramani wa Uingereza walikwisha kuanza kazi na wa Bradley, wakakataa kuhama. Mwaka wa 1884 nchi 25 zilikutana Washington na kuchagua wa Airy uwe sufuri ya dunia. Wafaransa hawakuupigia kura, na hata walipokubali saa hiyo, 1911, sheria yao haikuitaja Greenwich: iliandika ni saa ya Paris, iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21. Mnamfahamu mtu wa hivyo, yule asemaye mkonge hausogei, ila msimu ujao ataanza kulima hatua tatu ndani.

Kaka atataka kuona sufuri kwenye simu. Baba atasimama juu ya mstari, ataitazama simu, na simu itakataa. Haijaharibika. Sufuri ya setilaiti iko mita 102 mashariki, kwenye nyasi za bustani. Airy alipata wima wake kwa bakuli la zebaki, kama wewe unavyotumia pimamaji na timazi. Lakini timazi haielekei katikati ya dunia barabara. Uzito wa ardhi usiolingana huivuta kidogo. Kidogo chenyewe hakionekani kwa macho, ila kwa ukubwa wa dunia kinatoka mita mia na mbili. Setilaiti haitumii timazi, inahesabu kutoka katikati ya dunia nzima. Tutatoka nje tuhesabu hatua kwenye nyasi hadi simu iandike sufuri.

Chini mlimani kuna Cutty Sark, meli ya matanga ya 1869 iliyobeba majani ya chai kutoka China. Iliungua 2007, ikafunguliwa tena 2012, na sasa imeinuliwa juu ya vyuma hivi kwamba unatembea chini ya tumbo lake. Ukipenda mbao ingia, ni ya tiketi. Usipopenda, kwa nje yatosha. Kando yake kuna kijumba cha duara, mlango wa njia ya miguu ya chini ya mto Thames, ya 1902, kama mita 370. Tutaingia tu lifti zote mbili zikiwa nzima, kwa sababu upande mmoja ukifa utapanda ngazi zisizopungua themanini, na hapo goti litatuma barua ya malalamiko Luanda.

Mama, siku yako ni ya nne, na ni mtoni hapa hapa kwetu. Kuna kivuko cha Woolwich, bure tangu 1889, watu na magari. Likoni wanaotembea hawalipi, hapa hata lori halilipi. Tunavuka na kurudi bila sababu yoyote. Wikendi sharti tuhakikishe kwanza kama kinafanya kazi. Kisha basi hadi kwenye kizuizi cha mafuriko, Thames Barrier: malango kumi kuvuka mto wa mita 520, kazi tangu 1982. Yale manne makubwa yana upana wa mita 61 kila moja. Kwa kawaida yamelala kitandani mwa mto, meli zinapita juu yake. Bahari ikitishia, yanazungushwa yakasimama. Hufungwa maji yakiwa yamekupwa, saa kadhaa kabla ya wimbi, si likishafika. Walikijenga kwa sababu ya mafuriko ya 1953, yaliyoua watu zaidi ya mia tatu Uingereza.

Najua utakachouliza: kwa nini wajomba Budalang'i hawajengewi kama hiki. Nimelifikiria. Adui wa Thames hapa anatoka baharini, anapanda mto. Mto Nzoia, unaofurika Budalang'i, adui wake anatoka juu, Cherang'ani na Elgoni, anashuka. Ukiweka lango mdomoni mwa Nzoia utakuwa umewafungia wajomba maji ndani. Wanahitaji kuta imara na mahali pa kuyapumzisha maji huko juu, na mtu wa kuziba panya-buku wanapotoboa.

Kaka, lako ni dogo: Arsenal ilianzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha hapa Woolwich, wakiiita Dial Square, na ikahama 1913. Hicho kiwanda nakipita kila siku nikienda kazini. Endelea kununua jezi za mtumba.

Mizigo: unga wa wimbi leteni. Nyama, kuku na maziwa, hata lala ya kibuyuni, vitachukuliwa uwanjani. Mboga za mrenda na mitoo mbichi vivyo hivyo bila cheti cha afya ya mimea, Mama usijaribu kuvikunja ndani ya leso. Mimi mwenyewe nimevitamani hadi naota, ndiyo maana nakutahadharisha mapema. Viatu vya raba, si vya kanisani. Sweta hata Julai.

Haya, savea. Mwaka jana nilituma, ikawa mabati ya jikoni. Sikulalamika. Lakini vita vya safari hii kaka amevianza kwa programu ya simu, iliyomwambia mkonge umeingia kwetu mita mbili. Kaka, simu ya kawaida uwanjani, mbingu wazi, inaweza kukosea mita tatu, tano, na chini ya mvule zaidi. Hizo mita mbili zako zimo ndani ya kosa la simu yenyewe. Umemtukana Baba Mdogo mbele ya watu kwa kipimo ambacho ukirudia kesho asubuhi kitakupa jibu jingine.

Elfu arobaini situmi kwako. Nitamtumia Mama elfu kumi za kumwita savea mwenye kibali, na salio nitalipa akishaonyesha jiwe la mpaka na Baba Mdogo akitazama. Kabla ya hapo chukua tepu ya Baba, si hatua, si simu. Pima kutoka shina la mvule hadi mkonge wa kwanza, mara tatu, tepu ikiwa imekazwa na haijapinda juu ya majani, uniandikie namba zote tatu hata zikitofautiana. Na umpe Baba Mdogo ashike upande wa pili wa tepu.

Ni mimi mtoto wenu,
wa Woolwich