Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: poda aliyonimwagia mama

Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kwa sababu ya poda. Siku diploma yangu ya usanifu wa ndani ya nyumba ilipoingia kwenye simu, mama alikimbia kwa jirani, akarudi na kopo la poda na kunimwagia kuanzia kichwani, kama siku niliyofaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Vigelegele vikajaa uwanjani. Unajua mwenyewe, Mheshimiwa, kwetu diploma ni neno la poda na nguo nyeupe. Mimi nilikuwa nimeshaisoma ile karatasi mara mbili, nikanyamaza.

Diploma ilitoka kwenye chuo kimoja cha mtandaoni chenye anwani Uingereza. Akademia ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1943 inafundisha fani hii, lakini iko Kinshasa, na kutoka hapa hadi Kinshasa ni ndege, kisha kodi ya chumba, kisha chakula. Chuo cha mtandaoni kilitaka dola 780, kwa mafungu. Mama anauza maharage soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi). Akauza na friji lake la maji baridi ili nimalize fungu la mwisho.

Sitasema sikujifunza kitu. Nilijifunza kuchora ramani ya chumba kwa kipimo cha 1:50, na sasa siingii salo (sebule) ya mtu bila kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Lakini kazi ya nne ilitaka nipange jiko la ghorofa ya London, lenye feni ya kuvuta moshi. Nikamwandikia mwalimu: wateja wangu wanapikia mbabula, jiko la makaa, na usiku wa baridi ya mwezi wa sita mbabula huingizwa ndani, tundu la hewa niliweke wapi, na liwe na ukubwa gani, ili watu wasilale na ile hewa ya makaa isiyoonekana wala kunuka, ile inayoua? Jibu lilikuja baada ya siku 11: "Kazi nzuri sana, endelea hivyo hivyo!" Wiki iliyofuata nilituma kwa bahati mbaya ramani ya nyumba isiyo na mlango hata mmoja. Nikajibiwa maneno yale yale, hata alama ya mshangao ilikuwa pale pale.

Sampuli za rangi walizoahidi kwa posta hazikufika, nikawa nachagua rangi kwenye kioo cha simu. Mteja wangu wa kwanza, mama mmoja wa Ruashi, nilimpakia ukuta rangi ya mchanga. Mchana ulipendeza. Usiku, chini ya zile taa nyeupe kali za 6500 K, ukuta ukawa kama uji uliolala. Somo la mwanga lilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na nusu yake ni picha ya mahali pa kuotea moto. Makopo mawili ya rangi nililipa mimi.

Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa saa moja jioni kwao, saa tatu usiku kwetu. Nilivifuatilia nje ya duka lenye jenereta. Hayo niliyavumilia.

Lililoniuma lilikuja baadaye. Nilipeleka karatasi kwenye ofisi moja hapa mjini kuulizia ekivalansi, yaani kutambuliwa kuwa sawa na cheti cha hapa nchini. Karani aliigeuza mbele na nyuma, akauliza kwa upole: "Dada, saa za masomo zimeandikwa wapi?" Hazikuwepo. Wala krediti, na mfumo wetu wa LMD (lisansi, masta, udaktari) unahesabu krediti. Ndipo nilipoanza kutafuta. Uingereza neno "digrii" linalindwa na sheria. Neno "diploma" halilindwi, shule yoyote inaweza kuliandika. Vyeti vinavyodhibitiwa England viko kwenye rejista ya Ofqual, msimamizi wa vyeti na mitihani wa huko, na mtu anaifungua kwa simu bila kulipa chochote. Cha kwangu hakimo. Ni kazi ya dakika tano, na friji la mama lingekuwa bado liko nyumbani. Lakini nani huku kwetu alishawahi kulisikia jina Ofqual?

Mheshimiwa, wizara yako imekuwa ikitangaza taasisi za ndani ya nchi zinazofaa na zisizofaa, na wazazi huzisoma orodha hizo kabla ya kulipa minervali, ile ada ya masomo. Naomba ukurasa wa namna hiyo kwa vyuo vya mtandaoni vya nje, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Useme mtu akiwa bado hajatoa pesa: cheti cha chuo hiki kinaweza kuombewa ekivalansi, cha chuo kile hakiwezi. Na uieleze hiyo tofauti ya digrii na diploma, kwa herufi kubwa.

Mama hajui bado. Anataka nichapishe diploma kwa ukubwa aitundike salo, na kila Jumamosi namwambia wino wa duka la fotokopi umeisha. Barua hii nitamsomea kabla haijatoka, kwa hiyo leo narudi nyumbani mapema, umeme ukiwa bado upo.

Kwa heshima,
Mwanafunzi wa zamani, Katuba