Video zetu zisifungiwe kwa ufunguo wa kampuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mifumo ya video tunayoitumia kuhifadhi kumbukumbu zetu, jambo ambalo wengi wetu huku Lamu huliona dogo hadi siku litakapowafika.

Mwaka 2009 nilimrekodi marehemu baba yangu mdogo, fundi wa majahazi hapa Matondoni, akizungusha keekee kwenye taruma, kisha akishindilia pamba ya kalafati kati ya mbao huku akinieleza kwa nini pamba hiyo hutiwa mafuta kwanza. Kamera ile ilihifadhi faili kwa mfumo wa kampuni iliyoiunda, na kuzifungua kulihitaji programu iliyokuja nayo kwenye sidii. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa, programu hiyo haikubali kuingia kwenye mpya, na kampuni ilishaacha kuishughulikia. Leo nikiifungua faili kwa programu nyingine, keekee inasikika, naye mzee anasikika akikohoa na kuniambia nisogee nisimzibie mwanga, lakini kioo ni cheusi.

Ndiyo maana naunga mkono msimamo wa wachangiaji wa Wikimedia Commons, ghala huria la picha na video lililoanzishwa mwaka 2004. Mwanzoni mwa mwaka 2014 shirika linaloliendesha liliwauliza kama wangekubali video za MP4, yaani aina ya faili ya video, zilizobanwa ili zipungue ukubwa kwa H.264, mfumo uliotangazwa mwaka 2003 ambao hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, zilikuwa mikononi mwa makampuni mengi yaliyotoza ada za leseni kupitia wakala mmoja. Wengi wa waliotoa maoni walikataa. Wakabaki na mifumo isiyodai ada, yaani Theora, pamoja na WebM ambayo Google iliitoa mwaka 2010.

Waliotaka MP4 ikubaliwe walikuwa na hoja nzito, nami siidharau: simu nyingi hurekodi kwa mfumo huo, kwa hivyo kijana wa Faza au Siyu asiye na kompyuta anafungiwa mlango na kanuni iliyowekwa ili mlango ubaki wazi. Mimi mwenyewe nimewahi kukesha nikigeuza video ya kirumbizi cha Maulidi kutoka MP4 iwe WebM, umeme ukikatika mara mbili na kazi ikianza upya. Hata hivyo, maudhui kuwa huru maana yake ni kwamba yeyote aweza kuyatumia, kuyanakili, kuyabadilisha na hata kuyauza bila kumwomba mtu ruhusa. Mtu akichimba kisima akakiweka wakfu, kisha ndoo ikawa ya kukodi dukani kwa mwingine, mwenye kiu atadaiwa pesa palepale ukingoni, na huo wakfu umebaki jina tu.

Tabu ya kugeuza faili ina dawa. Programu huria ya FFmpeg hugeuza MP4 kuwa WebM bila malipo, na kompyuta moja ya maktaba au ya chuo yaweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya mtaa mzima. Tangu mwaka 2018 upo pia mfumo wa AV1, uliobuniwa makusudi ili usitozwe ada. Naziomba taasisi zinazorekodi mafundi wetu, wachongaji wa milango na wasomaji wa kasida, ziweke tangu mwanzo nakala moja katika mfumo ulio wazi, wala zisingoje hadi aliyerekodiwa awe kaburini.

Na kama yupo msomaji, Lamu, Malindi au kwingineko, aliyebakiwa na kompyuta ya miaka ile yenye programu ya kamera ndogo za video, namsihi aandike kwa gazeti hili. Nina faili kumi na nne, na sita kati yake ni za kalafati.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Matondoni, Lamu