Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: wanafunzi wetu wanahitaji sosholojia

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari ya kutwa, na nakuandikia kuhusu sosholojia, yaani somo la kuchunguza jinsi watu wanavyoishi katika jamii, ambalo halimo katika orodha ya wizara yako.

Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, waliochagua mkondo wa Sayansi za Jamii walikuta Historia na Uraia, Jiografia, Masomo ya Biashara, dini na lugha. Sosholojia haikuwamo. Anayeitaka akiwa bado sekondari sharti wazazi wake wamudu karo ya shule za kimataifa zinazofuata mtaala wa Cambridge. Huko kijana wa miaka 17 husoma kuhusu familia, elimu, dini na vyombo vya habari. Hufunzwa pia utafiti wenyewe: namna ya kuteua watu wa kuhoji, namna ya kuuliza bila kumtilia mtu jibu mdomoni, na kwa nini jina la aliyehojiwa hufichwa. Mtoto wa Nyalenda au Manyatta, mitaa ya watu wa kipato cha chini hapa Kisumu, hukutana na haya chuo kikuu, akijaliwa kufika.

Acha nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Samburu walikuwa 50. Nyeri walikuwa 5. Nikiandika takwimu hizi ubaoni, majibu ya kwanza huwa yale yale: wasichana wa siku hizi hawana adabu, wazazi wamelegea, simu zimewaharibu. Basi nawauliza kama adabu ya Nyeri ni mara kumi ya adabu ya Samburu. Darasa hunyamaza, kisha maswali ya maana huanza. Shule iko umbali gani? Nani huamua msichana aolewe lini? Mahari ina uzito gani katika boma ambalo mifugo imekufa kwa ukame?

Hatimaye mmoja hutaja jaboya, na hapo hatuzungumzii Samburu tena. Tunazungumzia fuo zetu wenyewe, ambako mama mchuuzi hulazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Wanafunzi wangu wameijua jaboya tangu utotoni. Wanachokosa ni namna ya kuichunguza: mtumbwi ni wa nani, nyavu ni za nani, samaki wamepungua kwa nini, na mwanamke asiye na mtaji abaki na njia gani? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hamwiti tena mama wa watu malaya. Kisha kengele hulia, na kesho yake nina Mkutano wa Berlin wa kumaliza kabla ya mtihani.

Mtaala mpya unamtaka kila mwanafunzi wa sekondari ya juu ajifunze kwa kuhudumia jamii. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini tunawatuma watoto mitaani bila kuwafunza kusikiliza. Watakwenda mtaa wa Obunga kuwahimiza wakazi wanawe mikono, kumbe shida ni bei ya mtungi wa maji.

Najua serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Sipingi. Lakini hata wanaosomea uuguzi hufunzwa sosholojia chuoni, kwa sababu mgonjwa huja hospitalini na ukoo wake, dini yake na madeni yake.

Kuhusu walimu, Chuo Kikuu cha Maseno kiko hapa kwetu na cha Egerton kiko Njoro, na vyote viwili hufundisha sosholojia. Wapo wahitimu wanaotafuta kazi. Wakipewa stashahada ya uzamili ya ualimu, wataingia darasani.

Ninachoomba ni KICD, taasisi ya kuandaa mitaala ya Kenya, iandae silabasi ya somo la hiari, ijaribiwe kwanza katika shule chache za Kisumu, Kakamega na Nakuru. Isinakiliwe kutoka Uingereza. Ndani yake mwanafunzi akute chama cha akina mama, bodaboda, matanga, ugomvi wa ndugu juu ya shamba la baba, na ukabila wakati wa uchaguzi. Hili la mwisho lisiachwe kwa kuogopa wanasiasa. Watoto wa Nakuru wanaishi na majirani ambao familia zao zilifukuzana katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, na wengi wamepata habari hizo kwa minong'ono tu nyumbani. Afadhali wazichambue darasani, mbele ya mwalimu aliyefunzwa kuongoza mjadala wa namna hiyo.

KICD ikiita maoni, nitakuja Nairobi kwa nauli yangu, nikiwa na rasimu ya mada mkononi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Historia, Kisumu