Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakandaji na Watu wa Kine, Lubumbashi

Baba zangu, mama zangu, wadogo zangu katika kazi,

Asanteni kwa kusimama kuwakumbuka wenzetu wawili tuliowazika mwaka huu. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulikutana kila mwezi. Tuliadhimisha Siku ya Kineziterapi Duniani (kine, yaani tiba ya viungo) tarehe 8 Septemba, siku ya kukumbuka kuundwa kwa shirikisho la dunia la kazi yetu mwaka 1951. Tulihudumia wachezaji katika mashindano ya vijana wakati wa likizo, tukatembelea wagonjwa, tukafanya semina ya siku moja. Meza ya kukandia imenunuliwa na iko kwa katibu. Anayeihitaji amwone, asije kwangu usiku.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa Aprili: mwanachama asikande jeraha bichi kwa nguvu wala kwa maji ya moto, na mtu aliyeumia kifundo cha mguu apimwe kwanza kama mfupa ni mzima kabla ya kuguswa na mafuta.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Mwezi wa pili familia moja ilifika nyumbani kwangu saa kumi na mbili asubuhi na kijana wao mchezaji, mguu umevimba kama mkate. Mwenzetu mmoja, na jina lake sitalitaja hapa, alikuwa amemkanda siku tatu mfululizo, maji ya moto asubuhi na jioni, kijana akilia na watu wawili wakimshika. Nilibonyeza ncha ya mfupa wa nje wa kifundo, akaruka. Nikamwambia atembee hatua nne tu, akashindwa hata ya kwanza. Picha ya radiografi ilionyesha mfupa umevunjika. Baba yake hakuniuliza nani alimkanda. Aliniuliza chama changu kinafundisha watu nini. Mimi ndiye niliyesimama pale kujibu, ninyi mlikuwa mmelala.

Kanuni ya kupima kifundo tuliyopitisha haikutungwa na mwenyekiti. Ilitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na inatumika katika nchi nyingi. Mtu mwenye maumivu ya kifundo anapelekwa kwenye picha akiwa na moja ya dalili hizi: anaumia ukibonyeza ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, uwe wa nje au wa ndani, au alishindwa kukanyaga tangu alipoumia na bado hawezi hatua nne mbele yako. Maumivu yakiwa katikati ya wayo, bonyeza pia mfupa ulio kwenye kitako cha kidole kidogo, na ule wa upande wa ndani juu ya upinde wa mguu. Kupima hivyo ni dakika mbili na hakuna gharama.

Nimesikia maneno ya kwamba napokea kamisyo kwa kila mgonjwa anayekwenda kupiga picha. Nayajibu hapa mbele ya wote: sijapokea hata faranga moja. Na anayesema hivyo hajaielewa kanuni yenyewe, kwa sababu madaktari wale waliitunga ili kupunguza picha. Watu wengi wanaoteguka wameumia ligamenti tu, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, hasa zile za upande wa nje, na kanuni inawaokoa na gharama ya bure. Tangu Aprili mimi mwenyewe nimepima vifundo 38, nikapeleka 9 kwenye picha. Waliobaki 29 niliwatibu kwa mikono yangu.

Lalamiko la pili nalielewa zaidi, na sitaki kulidharau. Mnasema mteja wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba akija akaambiwa asikandwe leo, anavuka barabara na kwenda kwa mzee mwingine, na hela inakwenda naye. Ni kweli, inatokea. Lakini tazameni mwili unavyofanya kazi. Siku za kwanza nyuzi zimechanika, damu imevilia, uvimbe ndio unaoanza ukarabati. Ukisukuma kwa nguvu na joto unaongeza kuvuja damu. Paja lililogongwa ndilo baya zaidi: ukilikanda mapema kwa nguvu, damu iliyovilia ndani ya msuli inaweza kugeuka mfupa. Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa tatu wa kazi, kwa mwendesha baiskeli wa makala, yaani makaa, aliyeangukiwa na mzigo wake. Nilimkanda juma zima nikidhani namsaidia. Miezi mitatu baadaye goti lilikuwa halikunjiki vizuri na ndani ya paja mlikuwa na kitu kigumu kama jiwe. Nimebeba jambo hilo miaka 19, na nisingependa mwanachama yeyote alibebe.

Hata barafu tuliyoshikilia kama sheria imejadiliwa upya. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyetangaza mwaka 1978 pumziko, barafu, kufunga na kuinua mguu, baadaye alikiri kwamba barafu na pumziko refu vinaweza kuchelewesha kupona. Kama yeye alikubali kubadilika, sisi tunaona haya ya nini?

Hakuna aliyewakataza mikono. Funga, inua, mwache asogeze vidole na kifundo kadiri maumivu yanavyoruhusu. Uvimbe ukianza kushuka, papasa polepole kuelekea moyoni. Kwa kano ya zamani iliyokataa kupona tuna ule usuguaji wa kukingama aliotufundisha daktari Mwingereza James Cyriax: kidole mahali hasa penye maumivu, kusugua kwa kukingama nyuzi, upande kwa upande, bila mafuta, ili kidole na ngozi viende pamoja. Kisha mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja, kupanda juu ya vidole. Mteja wa namna hiyo anarudi majuma sita, na analipa mara nyingi kuliko yule wa kuchuliwa siku mbili. Na mkiona mguu mmoja umevimba kwenye shavu la mguu, una joto, unauma bila kugongwa, msiuguse kabisa. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Wengine wanasema uamuzi ulipita na watu wachache. Ni kweli, na kosa la nani? Mkutano wa Machi walikuja 9 kati ya wanachama 61. Katiba yetu inasema idadi isipotimia, mkutano wa pili unaamua na waliopo. Nikauitisha wa pili, nikatuma ujumbe mara tatu, nikapiga simu kwa wazee mmoja mmoja kwa yuniti zangu. Walikuja 11. Mei tulikuwa 7. Lakini siku ya kugawa fulana za mashindano nilihesabu 54, na wengine walidai mbili.

Michango ni hivyo hivyo. Faranga 10,000 kwa mwezi, watu 61, ilipaswa kuingia 7,320,000. Imeingia 2,870,000. Waliolipa mwaka mzima ni 17. Majina yao yamebandikwa mlangoni, nawashukuru kwa moyo. Ukumbi 720,000, meza 950,000, misiba na wagonjwa 540,000, semina 385,000. Tukiongeza 140,000 za mwaka jana, mweka hazina ana 415,000. Mafuta ya jenereta siku ya semina, umeme ulipokatika, niliyalipa mfukoni mwangu na sijadai.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kupata chumba chetu wenyewe, ikiwezekana upande wa Kamalondo, na kualika mtaalamu atufundishe mabega na migongo, kwa kuwa wabeba mizigo wetu wanateseka. Tutaona hali itakavyoruhusu.

Uamuzi wa Aprili unabaki. Anayetaka ufutwe alete hoja kwa maandishi kwa katibu kabla ya mkutano wa Februari, na aje mwenyewe kuitetea. Nitakuwepo.

Mwenyekiti,
Lubumbashi