Usitupe Mabati Yaliyoanguka

Rafiki yangu mpendwa,

Pole sana kwa dhoruba iliyoezua paa la nyumba yako. Nimeshukuru kusikia kwamba nyote mko salama, hayo mengine yatarekebishwa.

Umeniuliza uanzie wapi na bima. Wapigie kampuni ya bima leo hii, hata kama bado hujajua hasara ni kiasi gani. Mikataba mingi inataka taarifa itolewe mapema, na ukichelewa unawapa sababu ya kukukatalia. Waombe namba ya dai, na kila mtakalokubaliana kwa simu lithibitishe kwa maandishi.

Kisha piga picha, halafu ufunike hilo paa kwa turubai. Ni wajibu wako wewe uliyekata bima kuzuia hasara isizidi. Mvua ya pili ikiharibu dari kwa sababu paa liliachwa wazi, watasema huo ni uzembe. Risiti za turubai na za fundi zitunze, maana gharama hizo kwa kawaida huingia kwenye dai. Ila kuezeka upya kusubiri mpaka mkadiriaji wa hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima, aje akague.

Kwa huyo mkadiriaji ndiko kwenye kazi. Bima hulipa kilichoharibiwa na dhoruba, uchakavu hailipi, kwa hiyo macho yake yatatafuta kutu. Ndiyo maana nakusihi usitupe mabati yaliyoanguka. Angalia matundu ya misumari: bati lililochanwa na upepo huwa na mpasuko, na kingo zake bado zinang'aa, lililoliwa na kutu kingo zake ni za kahawia na humomonyoka ukizigusa. Hata dari inasema. Mvujo wa siku nyingi huacha miduara ya kahawia, mmoja ndani ya mwingine, na wa juzi huwa doa moja tu. Vipige picha kwa karibu, kisha kwa mbali ili ijulikane ni upande gani wa nyumba. Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, pamoja na fundi wako na makadirio yake ya maandishi.

Kwenye mkataba tazama sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, na kama wanalipa bei ya paa jipya au wanapunguza malipo kwa sababu ya uchakavu. Hili la pili huwaumiza watu wengi, na inaniudhi kwamba siku ya kuuziwa bima ni nadra kuelezwa.

Wakikuletea hati ya kukiri kwamba umelipwa yote, usitie sahihi kwa kuchoka kulala na ndoo sebuleni. Ukishasaini, kulifungua tena dai ni vigumu mno. Kiasi kikiwa hakitoshi, waandikie barua, udai sababu zao kwa maandishi. Wakikaidi, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima.

Nitumie picha na mkataba, kurasa zote pamoja na zile za herufi ndogo, nizisome usiku huu kabla hujaongea nao tena. Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako